Bwana Nyamaza na Mto Wake

Wageni wetu wengi waliondoka wakiamini kwamba mjomba wangu ni mcha Mungu. Waliniambia wenyewe, wakiwa wamekaa barazani wanakausha soksi: yule mzee, kabla ya kuingia kwenye maporomoko makubwa, husimamisha boti ukingoni, huamuru makasia yote yatolewe majini, husema "Nyamaza" kwa sauti ya chini, kisha hufumba macho kama dakika nzima. Wengine walitumia nafasi hiyo kusali kweli. Sikuwasahihisha. Mgeni aliyetoka kusali hula vizuri na halalamiki kuhusu jogoo.

Mjomba hakuwa akisali, alikuwa akisikiliza maji. Mahali pale mto unapinda, matete yameziba, na mbele kidogo palikuwa na kisiwa cha mawe kilichougawa mkondo sehemu mbili. Ukiwa juu huoni kitu. Mvua ikinyesha milimani, mkono wa kushoto ulifurika na kunguruma, na mwenye kupenda uhai wake alipita kulia. Kiangazi mkono wa kulia ulibaki mawe matupu, maji yakiyapiga kama changarawe ndani ya sufuria, na hapo njia ilikuwa kushoto. Mambo yaliweza kubadilika kati ya asubuhi na mchana, kwa hiyo aliyepita jana hakuwa na la kukuambia. Mjomba aliyaita maporomoko yale Mama Mkwe. Alisema huyo unampitia kwa mbali, umeinamisha kichwa, na akikusema hujibu kitu. Juu yake palikuwa na mengine madogo, Shemeji, ambayo hukulowesha magoti na kukuacha unacheka.

Watu wa pale walimwita Bwana Nyamaza, na jina alilipenda. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mirefu kuliko alivyostahili, na kofia ya sufu ambayo sijawahi kuiona ikifuliwa. Mungu amrehemu, kofia pia.

Nilihamia kwake nikiwa na miaka ishirini na sita, nimeachika, sina mtoto, na nina ulimi ambao mama yangu alisema ndio ulionirudisha nyumbani. Mke wa mjomba alikuwa amefariki mwaka ule. Mama akaniambia, "Nenda ukakae na kaka yangu. Anachemshia chai kwenye sufuria ya maziwa, na wageni wanalalia shuka ambazo hazijaona pasi tangu msiba." Nilikwenda kwa miezi mitatu. Sasa ni mwaka wa kumi na tisa.

Nyumba ya wageni ilikuwa ghala la zamani la mahindi, lililogawanywa vyumba vinne kwa mbao. Mbao hizo zilizuia macho tu. Aliyekohoa chumba cha kwanza aliambiwa pole na wa chumba cha nne. Kila chumba kilikuwa na vitanda viwili, meza ndogo, beseni, na dirisha linalotazama zizi. Nyuma ya mlango mkubwa nilipanga mabuti ya mpira kwa ukubwa, kuanzia ya mtoto wa miaka mitano hadi jozi moja kubwa ambayo haikupata mwenyewe. Asubuhi wageni walikwenda kukamua. Walitoka mjini, safari ya siku nzima, ili wamkamue ng'ombe wetu mmoja mpole ambaye kwa uvumilivu wake angepewa nishani. Walikamua nusu kikombe, wakapiga picha kumi, nami nikaingia baada yao nikakamua kweli. Baada ya chai walipanda mkokoteni wa trekta hadi mtoni, na huko wakawa wa mjomba.

Nilimpenda sana mtu yule. Nasema wazi kwa sababu tulipokuwa pamoja hatukusemezana maneno ya namna hiyo. Tulitaniana tu. Akinikuta napiga pasi huuliza kama shuka zimekosa nini hata zichomwe. Nikimkuta ameketi humwambia mto umekimbia. Kitu kimoja alikisema bila utani, nacho alikisema mara nyingi: shamba ni la ukoo, ng'ombe ni wa benki, mto ndio wake. Hakuwa na mtoto. Alikuwa amepita pale kwa Mama Mkwe miaka thelathini, na hakuna boti lake lililowahi kupinduka.

Mwaka wangu wa saba ndipo alipobadilisha utaratibu. Zamani wageni walikaa wakitazama mbele wakati yeye anasikiliza. Sasa akaanza kuwaambia, "Geukeni mnitazame mimi." Wakageuka wote, migongo yao kwenye maporomoko, nyuso zao kwake, na yeye hakufumba macho tena. Niliposikia nikacheka. Nikamwambia uzee umemletea kutaka heshima. Hakujibu, nami nikadhani amekasirika. Siku hizo alikuwa akikosa kujibu mara nyingi. Nilimwita kutoka jikoni, kimya. Nikaja hadi mlangoni nimeshika kiuno, nikaanza maneno, na hapo ndipo anainua uso na kusema, "Naam, mama." Nilifikiri ni mazoea ya wanaume. Nimewahi kuwa na mume, nilijua hali hiyo.

Siku yenyewe ninayotaka kuisimulia, miaka miwili baadaye, walikuja wageni watano: mwalimu mmoja mwanamke wa makamo, dada yake, na vijana watatu wanaofanya kazi pamoja ofisi moja. Boti lilitaka watu sita bila kumhesabu mjomba ili lisiegemee upande; mmoja alikuwa amekwisha kupungua, na dada wa mwalimu naye akaamka na tumbo, akabaki kitandani. Walikuwa wanne. Mjomba akasema safari haipo. Mwalimu akasikitika sana, alikuwa ameweka akiba ya likizo mwaka mzima kwa ajili ya siku moja ile. Kijana mmoja wa jirani, fundi wa uzio, akakubali kujaza nafasi, na nafasi ya sita nikaichukua mimi. Nilikuwa nimepanda boti lile mara chache tu, kwenye maji ya chini, yale tulivu. Kwa Mama Mkwe sikuwahi kupita. Lakini sauti yake niliijua. Upepo ukivuma kutoka bondeni nilikuwa nailalia kila siku.

Na hapa ndipo ulimi wangu uliponiponza. Tulipokuwa tunavaa majaketi ya kuokolea maisha, niliona wale wageni wameingiwa na woga. Nikawaambia, "Nitazameni mimi. Mimi ni mtoto wa hapa. Mkiniona nimeogopa, basi nanyi ogopeni. Nisipoogopa, tulieni." Nilijisikia mkubwa kweli. Mjomba alikuwa ameinama anafunga kamba, nami nilidhani amesikia.

Tukashuka. Shemeji akatulowesha magoti, tukacheka. Tukafika kwenye matete, mjomba akasogeza boti ukingoni, makasia yakatoka majini, akasema "Nyamaza," akasema tugeuke. Tukageuka. Mvua ilikuwa imenyesha milimani tangu alfajiri. Nyuma ya mgongo wangu, upande wa kushoto wa mto, nilisikia ngurumo nzito, wazi kabisa, mtu asingeweza kuikosea. Nikajisemea, leo tunapita kulia. Sikushtuka, maana kwangu ilikuwa sauti ya nyumbani. Nikamkazia mjomba macho, uso mkavu, ili wageni waone. Nao wakanitazama mimi, wakajikaza vilevile, hata fundi wa uzio. Mjomba alitupitia mmoja mmoja. Akaturudia tena. Kisha akasema, "Kushoto."

Ningeweza kusema neno. Nimeifikiria sana dakika ile, na sijapata kisingizio cha maana. Masikio yangu yaliniambia kulia, mjomba akasema kushoto, nikayaona masikio yangu ndiyo yenye makosa. Miaka thelathini dhidi ya mtu wa shuka na pasi. Nikachovya kasia.

Mama Mkwe alitupokea kama alivyopenda. Boti lilisimama wima, nikaona anga, nikaona buti la mtu, kisha nikawa chini ya maji nisijue juu ni wapi. Nilipoibuka nilikuwa nimebanwa kwenye matete na fundi wa uzio ananivuta kwa kola. Vijana watatu walikuwa mchangani wanatapika maji. Mwalimu alikuwa amenasa katikati ya mawe, mkono mmoja umepita pasipopitika. Mjomba alimfuata. Alikuwa na miaka sitini na tatu, na alimfuata akiwa amejifunga kamba kiunoni, akamtoa, bega limeteguka na mkono umevunjika mahali pawili, lakini yu hai. Akamlaza, akamfunika kwa sweta lake, akamwomba radhi. Kisha akaja kwangu. Hakuniuliza kama nimeumia. Aliniuliza, "Kwa nini hukuogopa?"

Sikumwelewa.

"Mtu akisikia maji makubwa nyuma yake hugeuza shingo," akasema. "Hawezi kujizuia. Hutupa jicho upande unaonguruma, nami napita upande wa pili. Miaka miwili nimepita hivyo. Leo hakuna aliyegeuza shingo. Nikakutazama wewe, ukawa umetulia kama uko jikoni, nikadhani mkono wa kushoto haujafurika."

Nikamuuliza, "Wewe mwenyewe hukusikia?" Alikuwa ametazama pembeni, hakuniona nikisema, na hakujibu. Hapo nikaelewa yote kwa mpigo mmoja, pamoja na zile chai zote nilizomwitia kutoka jikoni.

Boti halikuwa letu peke yetu. Mashamba matatu yaliungana kulinunua, na kiongozi wao alikuwa mama mfuga ng'ombe wa shamba la juu, tuliyemwita Mwenyekiti hata kwenye mazishi. Kikao kilifanyika siku ya tatu, kwenye banda la kupokelea maziwa, watu kumi wamekalia makopo yaliyogeuzwa. Mwalimu alikuwa hospitali na alituma salamu kwamba hamlaumu mtu. Mwenyekiti alitaka tumalize upesi. "Bwana Nyamaza tunamjua," akasema. "Mvua ilikuwa kubwa, na ajali haina kinga. Tumpe mwalimu pole yetu, safari ziendelee wiki ijayo." Watu wakaitikia. Mjomba alikaa karibu na mlango, macho yakihama kutoka mdomo hadi mdomo. Wiki ijayo tulikuwa na familia yenye watoto watatu. Majina yao nilikuwa nimekwisha kuyaandika kwenye vyumba.

Nilisimama. Niliwaambia mjomba hasikii. Nilisema polepole, nikiwa nimemgeukia, kwa sababu nilijua anausoma mdomo wangu na sikutaka akose neno hata moja. Niliwaambia amekuwa akiongozwa na shingo za wageni. Nilisema na kosa langu pia, la kujifanya shujaa. Hilo la mwisho hakuna aliyelisikiliza. Wote walimtazama yeye. Akavua kofia yake ya sufu, akaikunja, akasema, "Kweli." Kisha akatoka, na nilimwona kupitia mlangoni akipanda mlima taratibu, mikono nyuma, mpaka akafika kwenye zizi.

Basi mjomba alimwaga unga kwa mdomo wangu mimi, mtu aliyekuwa akila kwake. Na kikao kilekile, kwa kukosa mwingine anayeijua ile sauti, wakanikabidhi mimi boti. Nilikataa. Mwenyekiti akasema kama ninayo masikio ya kumshtaki mwenzangu basi ninayo ya kuongoza boti. Yule mama akisema neno huwa hujui kama amekusifu au amekupiga kofi.

Mjomba hakusema nami mwezi mzima na siku kadhaa. Hakununa hadharani, alisema asante kwa chai, alikamua, alichanganya chakula cha kuku. Lakini utani uliisha, na nyumba bila utani wake ilikuwa kubwa mno. Nilipiga pasi nikingoja aniulize shuka zimekosa nini. Hakuuliza. Nilikuwa nikitoka mtoni nampita barazani, amekaa kwenye kiti chake cha kamba, uso kwenye zizi. Daktari wa mjini alimpa dawa ya matone. Nilipomkumbusha kuitumia alinionyesha chupa tupu na akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Ndilo neno refu alilonipa mwezi ule.

Kisha alasiri moja nilikuwa nimekaa kwenye ngazi navua viatu vilivyolowa. Akaburuta kiti hadi karibu yangu. Akauliza, bila kunitazama, "Mama Mkwe kasemaje leo?"

Nikamwekea mdomo sikioni, lile la kushoto ambalo lilikuwa na uhai kidogo, nikasema kwa nguvu, "Ananguruma kushoto, tumepita kulia."

"Hiyo ni taarifa ya habari," akasema. "Ngurumo ya namna gani?"

Nikamwambia nzito. Akauliza nzito ya kugonga au nzito ya kuburuta, inapumzika au inaunganisha, na chini yake kuna mlio gani, maana chini ya ngurumo huwa kuna mlio mwingine na huo ndio wenye ukweli. Sikuwa nimeusikia huo mwingine. Kesho yake niliusikiliza. Ulikuwepo, mwembamba, kama mtu anayevuta kitambaa kizito sakafuni. Nilipomwambia alicheka mpaka kofia ikamshuka machoni. "Huyo ndiye," akasema. "Huyo ndiye mwenyewe."

Ikawa ndiyo kazi yetu kila nikirudi. Kabla sijala, kabla sijabadili nguo, nilikaa kwenye ngazi na kumpigia mjomba kelele sikioni kuhusu maji, na wageni waliotaka kupumzika vyumbani wakapata habari za mto wapende wasipende. Miaka sita. Sikuwahi kuomba msamaha, naye hakuwahi kunisamehe kwa maneno. Lakini alirudia kuuliza habari za shuka. Na mimi, kwa sababu nilijua nitaulizwa, niliusikiliza mto ule kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu yeyote. Kama nimekuwa kiongozi mzuri, na wanasema hivyo, alinifundisha akiwa kwenye kiti cha kamba, kiziwi.

Mwaka wa saba tangu ajali mafuriko yalikuja na kukaa siku tisa. Maji yalipopungua nilishuka na fundi wa uzio kutazama njia. Tulifika kwenye matete nikasema "Nyamaza," na hatukusikia kitu. Kisiwa kilikuwa kimeondoka. Mawe yalifunikwa na mchanga, mikono miwili imekuwa mmoja, mpana, unaoteleza kama maji ya beseni. Fundi akafurahi, akasema sasa hata vikongwe watapita. Mimi nilikaa kwenye boti nikalia. Mjomba alikuwa na magoti mabovu, mahali pale hakuweza kufika tena.

Nilipanda nyumbani nikiwa nimekusudia kumwambia. Alikuwa ameshasogeza kiti. Akauliza Mama Mkwe kasemaje baada ya mvua zote zile. Alikuwa ameweka mkono nyuma ya sikio, na uso wake ulikuwa wa mtoto anayengoja zawadi. Nikamwambia ananguruma kushoto hajawahi kunguruma hivyo. Nikamwambia na ule mlio wa chini. Nikamwomba Mwenyekiti na fundi wasimwambie neno, na Mwenyekiti, ambaye hajawahi kuficha siri ya mtu, hiyo aliificha.

Nilisema uongo ule miaka miwili, karibu kila siku. Nilipiga moyo konde nikaufanya vizuri. Nilikumbuka siku za kweli moja moja nikazitumia tena: ile ya ukungu, ile tuliyopita kulia kwa kusugua mawe, ile ambayo ngurumo ilikatika ghafla kwa sababu mti mzima ulikuwa umeziba. Wageni walikuwa wengi kuliko zamani, sasa tukipokea wenye watoto wadogo na wazee wao. Walishuka kwenye mkokoteni mbele ya baraza, wakampungia mkono, naye akawapungia.

Siku moja ya kiangazi nilikaa kwenye ngazi nimechoka, nikatia chumvi kupita kiasi. Nikamwambia kulia mawe yanagongana mpaka cheche. Mjomba alinyoosha mkono wake mrefu, akaniwekea vidole mdomoni, taratibu.

"Wageni wako wanarudi nywele kavu, mama," akasema.

Niligeuka nikawatazama uani.

"Wote. Wakubwa kwa wadogo. Na hakuna anayeshuka akicheka kile kicheko cha aliyeponea chupuchupu. Hakuna kitu pale. Mama Mkwe amekufa."

Nikamwekea mdomo sikioni. Nilitaka kupiga kelele, ikatoka sauti ndogo, nikarudia tena mpaka akasikia. Nilimuuliza amejua tangu lini.

"Wiki ya kwanza baada ya mafuriko."

"Na miaka yote hii unaniuliza?"

Wageni walikuwa uani wanahangaika kuvua mabuti, mtoto mmoja amekalia ndoo. Mjomba aliwatazama kwa muda, kisha akanirudia mimi, akanisoma uso kama alivyokuwa akizisoma nyuso kwenye boti.

"Ningesema, ungeacha kusimulia," akasema. "Na mimi ningeusikia wapi tena?"

Kisha akavua ile kofia, akaburuta kiti kikagusa ngazi, akanigeuzia sikio la kushoto.

"Haya," akasema. "Kasemaje leo?"

Nikainama nikamwambia yote, nikianzia mkono wa kushoto.